Mzigo uleule, bando jipya

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

“NANI anashusha? Oya, mtandao umekufa!”

Kelele hiyo imezoeleka kwenye vyumba vya kufundishia kompyuta vya mitaani Dar es Salaam, iwe Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, au Mwananyamala na Tegeta kwa upande wa Kinondoni. Simu moja imewashwa hotispoti na kulazwa dirishani, mahali panaposhika mtandao, na mashine zote chumbani zinakula bando hilohilo. Mmoja akishusha maktaba za programu ili aanze kazi yake, wenzake wanakunja mikono na kusubiri.

Kinachouma ni kwamba mara nyingi mzigo huo tayari umo ndani ya mashine. Mwanafunzi wa zamu ya asubuhi aliushusha kwa akaunti yake, ukahifadhiwa, akamaliza somo akaenda zake. Wa jioni anakaa kwenye kiti kilekile, anaingia kwa jina lake, anaandika amri ileile, na mashine inaanza kuvuta upya kana kwamba haijawahi kuuona.

Bando limelipiwa mara mbili. Kwenye chumba chenye akaunti nyingi linalipiwa mara nyingi zaidi, na anayelipa ni kijana ambaye nauli ya daladala yenyewe anaihesabu.

Kinachovutwa ni nini

Programu za siku hizi haziandikwi kuanzia sifuri. Anayetengeneza mfumo wa duka, wa kikoba au wa zahanati huazima kazi za watu wengine: maktaba ya kushughulikia tarehe, ya kuchora jedwali, ya kuzungumza na hifadhidata, ya kutuma ombi la malipo kwa simu. Kila maktaba nayo inategemea nyingine, kwa hiyo aliyeomba moja anaweza kupokea mamia.

Kazi ya kuzileta hufanywa na zana maalumu. Wanaotumia Python wana pip, wa JavaScript wana npm, wa PHP wana Composer, na wanaotengeneza programu za simu za Android wana Gradle. Zana hizi zikishusha kitu hubakiza nakala kwenye ghala ambalo mafundi huliita kache, ili siku nyingine zisirudi mtandaoni kwa kitu kilekile.

Ghala hilo hukaa ndani ya folda binafsi ya mtumiaji, na tatizo linaanzia hapo. Mashine ya Linux yenye akaunti ishirini ina maghala ishirini, na hakuna linalojua kilichomo kwa jirani yake.

Uzito wake si mdogo. Mfano mzuri ni PyTorch, maktaba inayotumiwa sana na wanaojifunza akili unde. Mtu akiiomba kwa pip kwenye Linux ya kawaida bila maelezo ya ziada, huletewa pamoja nayo maktaba za NVIDIA za kuendeshea kadi za michoro, na jumla ya mzigo kwa matoleo ya miaka ya karibuni hupita GB 2. Wanafunzi wanne kwenye mashine moja watavuta zaidi ya GB 8, na mashine yenyewe huenda haina hata hiyo kadi ya NVIDIA.

Kuna toleo la PyTorch la prosesa ya kawaida lenye uzito wa takriban MB 200. Lipo kwenye anwani ya watengenezaji wenyewe, lakini sharti uliombe kwa kulitaja. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hawezi kulijua hilo. Anayepaswa kulijua ni anayeitunza mashine.

> Wanafunzi wanne kwenye mashine moja watavuta zaidi ya GB 8, na mashine yenyewe huenda haina hata hiyo kadi ya NVIDIA.

Zana za mwenye laptopu yake

Kuchangia kompyuta si jambo geni nchini. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikiwa mali ya ofisi na si ya mtu mmoja. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na kizazi kizima kikakua bila wazo la kuwa na mashine yake mezani.

Hata Unix, mfumo ambao Linux imefuata nyayo zake, ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, na ukakua kama mfumo wa watu wengi kwenye mashine moja. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na lina ruhusa ya kusoma au kuandika. Programu za wote ziliwekwa mahali pamoja na msimamizi, mara moja tu, na kila aliyeingia akazitumia.

Utaratibu huo ulivunjika kwa sababu yenye mantiki. Mradi wa mtu mmoja ulihitaji toleo la zamani la maktaba fulani, wa mwenzake ukahitaji jipya, na mahali pa pamoja hapakuweza kubeba yote mawili. Zana kama npm, iliyoanza mwaka 2010, zikaamua kila mradi ubebe maktaba zake na kila mtumiaji awe na ghala lake. Kwa mtu mwenye laptopu yake na intaneti isiyokatika, uamuzi huo haumsumbui. Anashusha mara moja, basi.

Mitaani Dar es Salaam hali ni nyingine. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Temeke na watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328. Kinondoni ndiko iliko Kijitonyama, yenye ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na makao ya tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, pamoja na kituo chake cha ubunifu cha Buni. Temeke ina chuo cha VETA na chuo cha ualimu cha DUCE, vyote Chang'ombe. Lakini kijana wa Chamazi au Buza anayetaka kujifunza baada ya kibarua hafiki huko kila jioni. Anajifunzia karibu na kwao, kwenye mashine ya kuchangia, na zana anazopewa hazikumfikiria zilipotengenezwa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lawama huwaangukia wanafunzi. Wanaambiwa wanamaliza bando ovyo. Wao wamefuata somo neno kwa neno.

Njia ya mkato

Msimamizi aliyechoshwa na bando kuisha huwa na dawa moja ya haraka. Anatengeneza folda moja ya kache, anaifungulia ruhusa zote kwa watu wote kwa ile amri maarufu ya 777, kisha anaelekeza zana za kila akaunti huko. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri sana. Wa pili hashushi kitu, wa tatu hashushi kitu, na chumba kinashangilia.

Kisha makosa yanaanza. Faili lililoandikwa na akaunti ya kwanza linabaki mali ya akaunti ya kwanza, maana kufungua folda mara moja hakufungui faili zitakazozaliwa kesho. pip ikikuta faili la mwenzake ambalo haina ruhusa ya kulisoma, inaliacha, halafu inarudi mtandaoni. npm ikikuta faili zilizoachwa na msimamizi mkuu inakataa kazi na kulalamika kwamba kache ina faili zisizo za mtumiaji. Gradle hufunga ghala lake kwa kufuli anapofanya kazi mtu mmoja, na mwenzake asiye na ruhusa juu ya kufuli hilo anakwama. Maven, zana ya zamani ya Java, kwa miaka mingi haikuwa salama pale watu wawili walipoandika ghalani kwa wakati mmoja, na faili lingeweza kubaki nusu.

Hayo ni ya kuudhi. Ya hatari ni mawili.

La kwanza ni siri. Baadhi ya wasimamizi hawatengenezi folda mpya. Wanafungua folda nzima ya .m2 (ya Maven) au .gradle ya mtu mmoja ili wengine waichungulie. Ndani ya folda hizo, pembeni ya kache, hukaa faili za mipangilio ambazo watu huandika humo nywila na funguo za mifumo yao. Kijana anayejifunza kuunganisha duka la mtandaoni na malipo ya simu anakuwa ameziweka wazi kwa kila anayeingia kwenye mashine, na wateja wa duka hilo wako nyuma ya funguo hizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Haibagui kati ya benki na chumba cha mafunzo cha Mbagala pale taarifa za watu zinapovuja.

La pili ni sumu. Ghala ambalo kila mtu anaweza kuandika ndani yake ni ghala ambalo mtu mmoja anaweza kubadilisha maktaba ya wote. Akiingiza mistari michache kwenye faili linalotumiwa na chumba kizima, mistari hiyo itaendeshwa na kila akaunti, kwa ruhusa za akaunti hiyo, ikisoma kila ambacho mwenye akaunti anaweza kusoma.

> Ghala ambalo kila mtu anaweza kuandika ndani yake ni ghala ambalo mtu mmoja anaweza kubadilisha maktaba ya wote.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya kufikirika. Novemba 2018 iligundulika kwamba maktaba ya npm iitwayo event-stream, iliyokuwa ikitumiwa na watu wengi sana, imepachikwa kitegemezi chenye nia ya kuiba sarafu za kidijitali kwenye pochi ya Copay. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, zana ya kubana faili iliyomo karibu kwenye kila Linux. Septemba 2025 maktaba kadhaa maarufu za npm ziliingiliwa mfululizo, na programu mbaya ikawa inasambaa yenyewe kwa kutumia funguo za watengenezaji iliowaibia. Yote hayo yalitokea kwenye maghala makuu yanayolindwa na watu wenye ujuzi. Folda ya 777 hailindwi na mtu yeyote.

Zana zenyewe zina kinga kidogo. Tangu toleo la 5 la mwaka 2017, npm huandika kwenye mradi alama ya utambulisho ya kila maktaba, na faili lisilolingana na alama yake hukataliwa. Kwa pip, mwenye mradi anayetaka ukaguzi mkali wa aina hiyo hana budi kuziweka alama mwenyewe kwenye orodha yake, na wachache mno hufanya hivyo.

Wanaobishana

Wanaotetea kufungua kila kitu wana hoja ambayo haifai kubezwa. Mwanafunzi akikosa maktaba leo, hajifunzi leo. Kumwambia anunue bando jipya ni kumwambia aache. Kwenye chumba cha watu wanaojuana, wanasema, hofu ya sumu ni hofu ya kampuni kubwa.

Upande wa pili wanasimama wataalamu wa usalama wa mifumo. Kwao akaunti ya mtu ni mpaka, na kuchangia kache ni kuuvunja. Kila mtu na ghala lake, na gharama ya kushusha mara ishirini ni gharama ya usalama.

Kwa maoni yangu wote wamelifumbia macho swali moja muhimu. Kuchangia kusoma na kuchangia kuandika ni mambo mawili tofauti. Bando huokolewa na kusoma. Balaa lote nililolieleza hapo juu hutoka kwenye kuandika. Hakuna sababu yoyote ya kiufundi inayolazimisha mwanafunzi anayetaka la kwanza apewe na la pili.

Ni kama bomba la maji la mtaa: kila mwenye ndoo anachota, lakini mfuniko wa tangi haufunguliwi na kila mpita njia.

Mmoja aandike, wote wasome

Wazo hili lina historia. Mwaka 2005 mtafiti Eelco Dolstra wa Uholanzi aliwasilisha andiko kuhusu swali hilihili: watumiaji wasioaminiana watachangiaje programu kwenye mashine moja kwa usalama? Jibu lake limo ndani ya mfumo wa Nix. Maktaba zote huwekwa kwenye ghala moja, kila moja ikiwa na jina lenye alama inayotokana na jinsi ilivyotengenezwa, kwa hiyo matoleo mawili hukaa pamoja bila kugombana. Mtumiaji hagusi ghala kwa mkono wake. Anaomba, na programu ya msimamizi ndiyo inayoweka ndani. Wawili wakiomba kitu kilekile, kinakuwapo kimoja.

Nix ni ngumu kwa anayeanza, na sitamshauri mwalimu wa Tandika aanze nayo. Zana za kawaida zinatosha zikipangwa vizuri.

Kwa Python, msimamizi hushusha maktaba za muhula mara moja na kuziweka kwenye folda ambayo akaunti yake peke yake inaweza kuandika. Kisha anaitaja folda hiyo kwenye faili la mipangilio la mashine nzima, /etc/pip.conf. Kila akaunti itachungulia hapo. Kuna mtego mmoja: toleo lisipotajwa, na mtandaoni kukawa na jipya zaidi, pip italifuata hilo jipya na bando litaondoka. Orodha ya somo lazima itaje matoleo kwa namba.

Kwa Android, Gradle tangu toleo la 6.2 la mwaka 2020 inakubali kache ya kusoma tu. Msimamizi ananakili sehemu ya maktaba, anaondoa mafaili ya kufuli, na kuielekeza kila akaunti hapo kwa mpangilio uitwao GRADLE_RO_DEP_CACHE. Kinachokosekana ghalani hushushwa kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe. Wengi wanakwama kwenye kitu kingine: Gradle yenyewe, yenye uzito unaopita MB 100, haimo kwenye kache hiyo, na kila akaunti huishusha peke yake. Dawa ni kuandika kwenye mradi anwani ya faili lililomo ndani ya mashine badala ya anwani ya mtandaoni. Ni mstari mmoja, na kwa wanafunzi kumi unaokoa takriban GB 1.

npm ina shida yake, kwani hupenda kuandika kwenye kache kila inapofanya kazi. Kwayo ni heri kuweka Verdaccio, programu huru inayokaa kwenye mashine na kujifanya ghala kuu. Wa kwanza akiomba maktaba, Verdaccio inaivuta na kuitunza. Wa pili anapewa ileile. Mtandao ukikatika, yaliyokwisha kutunzwa yanaendelea kupatikana. Uzuri mwingine ni kwamba hata mashine jirani chumbani zinaweza kuelekezwa hapo.

Kuna wanaopendekeza pnpm, ambayo huunganisha faili moja na miradi mingi bila kunakili. Kwa mtu mmoja mwenye miradi kumi ni nzuri mno. Kati ya akaunti tofauti haifiki mbali: Linux tangu toleo la 3.6 la mwaka 2012 ina kinga inayomzuia mtu kuunganisha hivyo faili la mwenzake asilo na ruhusa ya kuliandika, na mifumo mingi huiwasha kinga hiyo. Ikizimwa, mwenye faili akilihariri kwenye mradi wake anaweza kuwa amelihariri kwa wote.

Mkongo ulipokatika

Mei 12, 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom iliharibika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na kukaa hivyo kwa siku kadhaa. Chumba chenye ghala lake kingeendelea na somo nyakati zote mbili. Kisicho nalo kilibaki na mashine nzima zisizoweza kusakinisha hata maktaba ya kuchora jedwali.

Watu wa mitandao walilielewa hili zamani. Mwaka 2004 watoa huduma wa intaneti waliunganishwa jijini Dar es Salaam kupitia kituo cha TIX, ili barua pepe inayotoka ofisi moja ya Dar kwenda nyingine isizunguke ughaibuni. Uganda, mtandao wa vyuo na watafiti wa RENU unatunza nakala za Linux kwa ajili ya watumiaji wa huko. Kinachohitajika Mbagala ni wazo lilelile likishushwa ngazi hadi chumbani.

Kazi isiyo na mwenyewe

Kikwazo kikubwa sikioni kwenye zana. Kazi hii haimo kwenye majukumu ya mtu yeyote. Mwalimu anafundisha, fundi anaitwa mashine ikigoma kuwaka, mwenye chumba anahesabu ada. Ghala la maktaba linahitaji mtu wa kulipanga kabla ya muhula na kulisafisha baadaye.

Kulisafisha ni lazima. Desemba 2021 dunia ya Java iligundua udhaifu mkubwa katika maktaba ya Log4j, na toleo lililorekebishwa likatoka haraka. Ghala la kusoma tu ambalo halikuguswa liliendelea kumpa kila mwanafunzi toleo bovu, kwa uaminifu kabisa. Anayeshika ufunguo wa ghala amebeba dhamana ya wote wanaosoma humo, na dhamana hiyo inastahili saa zake kwenye ratiba na malipo yake kwenye bajeti. Chumba kinacholipia bando kila wiki kina fedha hiyo tayari. Inakwenda pasipostahili.

Kwa vyumba visivyo na fundi wa kudumu, ghala lingeweza kuandaliwa mahali pamoja, tuseme Kijitonyama au Chang'ombe, na kubebwa kwa diski ya nje hadi Chamazi, Buza au Bunju. Hapo swali la uaminifu linarudi kwa sura nyingine: nani anathibitisha kwamba diski iliyofika ndiyo iliyotoka? Orodha ya alama za SHA-256 za kila faili ingetumwa kwa njia nyingine, mathalani kwenye kundi la WhatsApp la walimu, na mpokeaji angeilinganisha kabla ya kunakili chochote. Orodha hiyo ni faili dogo la maandishi, na mabaki ya bando la jana yangetosha kulituma.